Mifarishi ya Ngome ya Sinnbach

Jumatatu, tarehe 16 Aprili 1945. Asubuhi hiyo mbingu ilikuwa safi kama kioo kilichofutwa sasa hivi, na jua liliwaka juu ya mji wa Sinnbach kwa mara ya kwanza baada ya mvua ya zaidi ya wiki nzima. Kila kitu kilifuka mvuke: mapaa, samadi, farasi, hata makoti ya wazee waliowekwa kuulinda mji.

Meja Jenerali Traugott von Dremmin alikuwa ameamka kabla ya mapambazuko, kama alivyozoea tangu ujana. Alipiga magoti kando ya kitanda cha kukodi, akasali sala yake. Ilikuwa fupi, na alikuwa akiisali tangu vita vile vya kwanza, alipokuwa luteni mwenye kiuno chembamba. "Ee Bwana, nipe pambano moja tu. Kisha unichukue ukipenda." Akasema amina, akavaa buti, akashuka ngazi taratibu ili asiwaamshe watu.

Maana Jenerali huyu, mwenye nishani kifua kizima, hakuwahi kupigana hata siku moja. Si kwamba alikimbia vita. Alikwenda kila alikotumwa, tena mbio. Ni vita ndivyo vilivyokuwa vikimkimbia yeye.

Mwaka wa kumi na nne alipewa daraja la reli alilinde, kule mashariki. Alililinda hasa, chura hakupita bila kuulizwa anakwenda wapi. Warusi wakavukia daraja jingine. Akapewa nishani kwa sababu daraja lake lilibaki zima. Baadaye kikosi chake kilipakiwa kwenye treni kwenda Ufaransa, lakini mtu mmoja wa reli akavuta wenzo usiofaa wa kubadilishia njia, wakaamka asubuhi katikati ya shamba la viazisukari. Kwa kuwa hakuna aliyewaletea amri nyingine, wakavuna viazisukari mpaka theluji ikaanguka. Nishani. Katika vita hivi vya pili alipelekwa pwani ya Norwe kusimamia mzinga mkubwa. Mtutu ulifika, magurudumu yakaenda Ugiriki. Wakawa wanapiga gwaride kuuzunguka mtutu uliolala chini kama gogo. Nishani.

Kisha, wakati wa baridi ya mwaka wa arobaini na tatu, alipandishwa cheo akawa Jenerali, akapelekwa Urusi kuongoza divisheni nzima ya vijana wa kutoka vilima hivi hivi vya Franken. Ndege ilipotua, divisheni haikuwapo. Palikuwa na theluji. Akakabidhiwa bendera ya divisheni pamoja na mpishi wake, ambaye alipona kwa sababu siku ile alikuwa amekwenda kutafuta vitunguu. Jenerali akatia sahihi kwamba amevipokea vyote viwili, akarudi nyumbani.

Kisa hicho ndicho alichopenda kukisimulia kuliko vyote. Jumamosi iliyopita alikisimulia kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni ya Mwanakondoo wa Dhahabu, alikopanga, na alipofika pale pa "na vitunguu vyenyewe hakuvipata!" watu walipiga meza kwa vicheko. Mwenye nyumba tu, Bi Kunigunde Dörfler, ndiye aliyeweka bakuli la viazi mezani akarudi jikoni.

Sasa alikuwa Kamanda wa Ngome ya Sinnbach. Kwamba Sinnbach ni ngome, mji wenyewe uliambiwa kwa simu, na ulishangaa. Ukuta wa zamani ulikwisha kubomolewa na mababu, mawe wakayajengea mabanda ya nguruwe. Jeshi la ngome lilikuwa wazee thelathini hivi wenye vitambaa vya kikosi vilivyofungwa mkononi, bunduki za Kiitaliano na risasi za Kifaransa ambazo hazikuingia katika bunduki hizo. Walikuwa pia na kombora moja la begani la kuvunjia vifaru, na mzinga mdogo uliotumika kila mwaka kwenye maandamano ya Sikukuu ya Mwili wa Kristo. Huo ulijua kupiga kelele tu.

Na palikuwa na amri. Ilibandikwa kwenye mlango wa kanisa siku ya Ijumaa: nyumba yoyote itakayoonyesha kitambaa cheupe kwa adui, mwenyewe atapigwa risasi papo hapo, na nyumba itachomwa. Chini yake, kwa mwandiko ulionyooka kama uzio, palikuwa na sahihi ya von Dremmin.

Saa tatu na nusu asubuhi alikuwa kwenye kizuizi cha barabara, nje kidogo ya mji, bondeni. Kizuizi kilikuwa gari la ng'ombe lililojaa samadi, limewekwa kukingama njia, na mapipa matupu ya bia kulia na kushoto. Koplo Alois Hupfer, aliyekuwa mpiga tarumbeta kubwa kwenye bendi ya mji na sasa ndiye mlengaji wa lile kombora moja, alimpigia saluti akiwa na mkate mdomoni.

"Ripoti ya ngome, Koplo."

"Imelowa, Bwana Jenerali. Ila inakauka."

"Adui je?"

"Anasikika, Bwana Jenerali. Lakini kwa mbali. Nadhani bado anakunywa kahawa. Wenzetu wanayo kahawa."

Jenerali akainua darubini akatazama barabara ya magharibi. Hakukuwa na kitu isipokuwa kunguru. Kisha akageuka kuutazama mji wake kwa nyuma, jinsi kamanda anavyopaswa kuutazama.

Mji mzima ulikuwa mweupe.

Kila dirisha, la chini na la juu, lilikuwa limetoa kitu cheupe kinene kinachoning'inia. Kwenye barabara ya kanisa, kwenye uwanja, kwa mwoka mikate, kwa mshona viatu, mpaka kwa padre. Ni kama mji umefungua vinywa vyote na kutoa ndimi.

"Hupfer," alisema kwa sauti ndogo. "Mji umesalimu amri."

Hupfer akakinga jua kwa kiganja, akaangalia, akameza mkate. "Hapana, Bwana Jenerali. Wanaanika tu."

"Wanaanika nini?"

"Mifarishi ya kitandani. Ya manyoya ya bata bukini. Si unaona kuna jua?"

Alisema "kuna jua" kama mtu aliyekwisha kueleza yote. Na kwa watu wa Sinnbach alikuwa ameeleza yote. Mvua ya wiki nzima, vyumba havina moto kwa sababu kuni hazipo, manyoya yameshika unyevu. Halafu jua linatoka. Mwanamke ambaye siku kama hiyo haweki mfarishi wake dirishani, majirani wangemsema mpaka Krismasi. Hakuna hata mmoja aliyewaza habari ya amri. Amri ilihusu bendera, na hii ilikuwa mifarishi.

Jenerali kwa miaka yote alitoka nyumbani kabla ya jua na kurudi jioni, akakuta kitanda kimetandikwa. Hakuwahi kujua kitanda chake kinashindaje mchana.

Alipanda mlima kwa miguu, karibu anakimbia. Uwanjani kelele zilikuwa zimeshaanza. Bwana Dankwart Knobloch, mkuu wa chama tawala mjini, alikuwa amevaa sare yake ya kahawia na kushika bastola, akipiga makelele mbele ya Mwanakondoo wa Dhahabu. Alikuwa na amri mkononi, ameibandua kanisani na misumari yake. Bi Kunigunde alikuwa amesimama mlangoni na kijiti cha kukung'utia mifarishi, mikono ameikunja kifuani. Juu ya vichwa vyao, juu kabisa ya ubao ulioandikwa "Makao Makuu ya Ngome", ulining'inia mfarishi mnene na mweupe kuliko yote mjini.

"Bwana Jenerali! Makao makuu yako yenyewe!" alifoka Knobloch. "Huyu mwanamke amewaita Wamarekani kwa kitambaa chenye ukubwa wa tanga! Sahihi hii ni yako au si yako?"

"Ni yangu."

"Basi tekeleza!"

"Dankwart," akasema Bi Kunigunde, "usinipigie makelele. Siku uliyozaliwa mimi ndiye niliyekwenda kumwita mkunga, na tuliporudi ulikuwa mwekundu hivyo hivyo na ulikuwa unapiga makelele hivyo hivyo. Umeongezewa sare tu."

Wanawake madirishani wakacheka. Knobloch akainua bastola. "Ukutani!"

Bi Kunigunde akamtazama Jenerali. Akaenda akasimama ukutani kwake mwenyewe, na kijiti mkononi. Vicheko vikakatika.

Jenerali alifungua mdomo. Alikuwa ameapa kiapo mbele ya jeshi lote, na amri ilikuwa amri, na sahihi ilikuwa yake. Alikuwa amemwona mwanamke huyu kila jioni akimwekea kikombe cha shayiri iliyokaangwa, wote wawili wakijifanya ni kahawa. Akajiambia aseme kitu, lakini kabla hajajua ni kitu gani, Hupfer akafika, amepanda mlima na kombora lake begani, hana pumzi.

"Bwana Jenerali! Wamefika! Magari matano, na moja lina bunduki juu. Wamesimama mbele ya samadi, wanangoja."

"Wanangoja nini?"

"Sijui. Wameona mifarishi, nadhani wanataka tuwafungulie. Wamekaa kwenye jua wanavuta sigara, Bwana Jenerali. Wamepangana mstari. Hata mimi siwezi kukosa."

Mungu na amsamehe, moyo wa Jenerali uliruka kwa furaha. Adui, mbele yake, mchana, amepangwa mstari! Miaka yote ile ya kupiga magoti, na jibu limekuja Jumatatu, saa nne asubuhi, limekaa kwenye jua linavuta sigara.

"Ingizeni mifarishi ndani!" alinguruma, na sauti yake ikawa ya luteni. "Kila nyumba! Hatupigi chini ya kitu cheupe; ikishaingia tunapiga! Bi Kunigunde, ondoka hapo ukutani, panda juu, uingize mfarishi wangu!"

"Sipandi."

"Nakusamehe, mama! Ingiza tu!"

"Huo mfarishi si wako."

"Nimelala humo tangu Alhamisi."

"Umelala, ndiyo. Nimekuazima." Alisema polepole, bila hasira. "Ni wa Veit, mwanangu. Kila jua likitoka nauanika, ili akirudi asikute unanuka ukungu. Alikuwa anapenda unuke jua. Huko Urusi alikuwa kwenye ile divisheni uliyokwenda kuichukua. Ile ya bendera na mpishi."



"Jumamosi nilikuwa nimeshika bakuli la viazi," akaendelea. "Nilikusikia vizuri. Watu walicheka sana. Nikasema moyoni, labda mwishoni atasema na habari za vijana wenyewe, maana alifika kule, huenda alimwona mtu, alisikia jina. Nikakaa nyuma ya mlango nangoja. Ukaishia kwenye vitunguu."

Jenerali von Dremmin alisimama katikati ya uwanja na jua lilimwangazia nishani zote. Alikumbuka theluji ile. Alikuwa amekaa kule muda wa kunywa bilauri moja ya chai. Alikuwa ameuliza habari za ndege ya kurudi. Habari za vijana hakuuliza, kwa sababu hawakuwa kwenye karatasi aliyotia sahihi. Akatazama juu, akauona mfarishi umevimba kwa hewa ya joto, kama kitu kinachopumua. Halafu akawatazama wazee wake wa vitambaa, akamtazama Hupfer na kombora moja, akaona nini kingetokea baada ya hilo moja.

Kwa mara ya kwanza maishani akasali sala nyingine. Ilikuwa fupi kuliko ile: "Bwana, nimeomba vibaya."

"Unangoja nini?" akapiga kelele Knobloch. "Piga huyu kwanza, kisha vita!"

Jenerali akakohoa, akanyoosha koti. "Bwana Knobloch amesema kweli," alisema. "Amri itekelezwe. Lakini jeshini tunakwenda kwa cheo. Hupfer, ile nyumba ya pembeni yenye mifarishi minne ni ya nani?"

"Ya Bwana Knobloch, Bwana Jenerali."

Wote wakageuka. Ilikuwa minne kweli, pamoja na mito, na dirishani alikuwa ameegemea Bi Ottilie Knobloch na mikono yake ya unga.

"Ottilie!" akapayuka mumewe. "Ingiza takataka hizo ndani!"

"Takataka? Mama yangu aliolewa nayo! Nitapata wapi jua jingine? Wewe ndiye uliyelalamika jana kitanda chote ni maji, sasa nimekusikiliza, unanifokea mbele za watu?"

"Mkuu wa chama ndiye wa kwanza, mifarishi minne kwa wingi wa hatia," alisema Jenerali kwa heshima. "Atafuata kamanda wa ngome, maana ndiye aliyelala kwenye huo wa makao makuu. Bi Kunigunde hana cheo, atakuwa wa mwisho. Wazee, jipangeni. Bwana Knobloch, tafadhali, ukutani. Bi Kunigunde atakupisha."

Wazee wakajipanga, kwa bunduki zao zisizoingia risasi, na nyuso zao zilikuwa nzito kama za Ijumaa Kuu. Mmoja akauliza kama avue kofia. Knobloch akazitazama zile bunduki. Yeye mwenyewe ndiye aliyezigawa, na alijua fika kwamba hazipigi. Lakini mtu akishaelekezewa mtutu, elimu hiyo humtoka.

"Nakwenda wilayani kuleta msaada," alisema, akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka alipoigusa baiskeli yake.

"Dankwart, hujala!" akaita mkewe.

Baiskeli ikateremka njia ya mashariki kwa kasi, na huo ndio ukawa mwisho wa chama katika mji wa Sinnbach.

Bi Kunigunde alikuwa bado ukutani. "Sasa zamu yako," alimwambia Jenerali.

"Najua," alisema, na kweli akaenda akasimama kando yake, chini ya mfarishi wa Veit. Hapakuwa na mtu wa kutoa amri ya kupiga, kwa kuwa mwenye kuitoa ndiye aliyesimama ukutani, kwa hiyo wakabaki hivyo, wazee kwa upande huu na wao wawili kwa upande ule, jua likizidi kupanda.

"Alikuwa mrefu?" akauliza Jenerali, huku akitazama mbele.

"Mfupi. Alikuwa na sauti kubwa. Akiimba kanisani, mishumaa inacheza."

"Sikuuliza habari zao hata kidogo, mama. Nilipaswa kuuliza."

"Ulipaswa," alisema Bi Kunigunde.

Wamarekani walipochoka kungoja, waliomba njia. Mzee aliyeachwa kwenye kizuizi, ambaye samadi ilikuwa yake, aliona heri alisogeze gari mwenyewe kuliko walisukume wao na kuimwaga. Gari dogo la kwanza likaingia uwanjani polepole, likiwa na sajini mmoja mwenye sura ya usingizi na askari watatu, vidole kwenye bunduki. Wakati huo huo kengele ya adhuhuri ikalia, ya Malaika wa Bwana. Wazee wakavua kofia. Wanawake madirishani wakafanya ishara ya msalaba. Koplo Hupfer akaliweka kombora chini taratibu, kama mtoto aliyelala, akaanza kusali kwa sauti. Sajini wa Kimarekani alitazama kulia, akatazama kushoto, kisha naye akavua helmeti yake. Vita vikasimama mpaka sala ikaisha.

"Nani mkubwa hapa?" akauliza sajini baada ya amina. Kijerumani chake kilikuwa cha bibi yake, mwanamke wa Bremen, kwa hiyo alizungumza kama kikongwe.

"Mimi," alisema Jenerali kutoka ukutani.

"Basi ahsante kwa mashuka meupe, babu. Yamewaokoa. Mizinga yetu iko kule mlimani, wanautazama mji kwa darubini. Wakiona nyeupe hawapigi."

Alikuwa hajamaliza kusema pale madirisha yalipoanza kugongana. Mfarishi mmoja ukavutwa ndani, kisha wa pili, kisha barabara nzima.

"Wanafanya nini?" akaruka sajini. "Acheni! Acheni nje!"

"Saa sita imelia," akamwambia Bi Kunigunde. "Mfarishi ukizidishiwa jua, manyoya yanakatika."

"Mama, nakuambia watapiga!"

"Na mimi nakuambia yanakatika. Bibi yako hakukufundisha?"

Sajini akashika kichwa. "Alinifundisha," akasema kwa huzuni. "Alikuwa hivi hivi." Akamgeukia Jenerali. "Sikiliza, babu. Nikiwapigia kwa redio nikasema nyeupe imeondoka lakini mji umetulia, wataniuliza najuaje. Nataka neno lako. La mtu mzima, kwa sauti, hawa wote wasikie. Tena haraka."

Jenerali von Dremmin alitoka ukutani. Aliwahi kuapa uwanjani, mbele ya vikosi na ngoma, kwa maneno aliyoandikiwa na watu wengine. Sasa hapakuwa na maneno ya kusoma. Wanawake walisimama madirishani wamekumbatia mifarishi, nusu ndani nusu nje. Sajini alikuwa ameshika redio karibu na mdomo. Bi Kunigunde akampa kijiti cha kukung'utia, bila kusema ni cha nini, naye akakishika kama upanga, kisha akakishusha.

"Mimi, Traugott von Dremmin," alisema, na sauti yake ikafika mpaka kwa mwoka mikate, "naahidi mbele ya Mungu, mbele ya Bi Kunigunde Dörfler na wanawake wote wa Sinnbach, na mbele ya huyu mjukuu wa Bremen, kwamba katika mji huu haitapigwa risasi hata moja kwa amri yangu. Naahidi nikiachiliwa na hawa nitazunguka kwa kila aliyerudi kutoka Urusi, nimuulize habari za Veit, na za wenzake wote, jina kwa jina. Na kesho, likitoka jua, mfarishi wake nitauanika mimi mwenyewe."